Ndege Asiyekunywa Chai

Katika kijiji cha Hatulawa, upande wa kusini wa kisiwa cha Seram, ukitaka kujua kama Dorsina Nanuru yupo nyumbani hukuhitaji kupiga hodi. Ulisikiliza tu. Kama yupo, ulimsikia akigombana na kitu: kuku, mlango uliovimba kwa mvua, kuni mbichi, redio. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, mwembamba, mwenye mikono migumu ya mtu aliyekamua sago tangu utotoni. Watu walimwita Usi Dorsina, yaani dada mkubwa. Walimwogopa kidogo, na wengi walimpenda kwa mbali.

Kiumbe mmoja tu hakugombana naye. Alikuwa kasuku wake, Pala. Pala ndiyo kungumanga kwa lugha yao, na ndege yule alikuwa mwekundu kama basbasi mbichi inayozunguka kokwa ya kungumanga, tena mwenye kelele kuliko mnada wa samaki. Kaka yake Dorsina alimwokota chini ya mnazi uliokatwa, kinda bado, bawa limevunjika. Bawa lilipona likiwa limepinda. Hakuweza kuruka zaidi ya kutoka sakafuni mpaka kwenye kiti. Kwa hiyo alichokula Pala ni kile alichopewa na binadamu, na hapo ndipo hasira ya Dorsina ilipoanzia.

Kwa maana kabla ya Pala alikuwepo Yonas.

Yonas alikuwa kasuku wa marehemu mume wake, Stefi. Kila alasiri Stefi aliketi barazani na kikombe cha chai ya maziwa ya kopo, tamu ya kunata midomoni, akamimina kidogo kwenye kisosi, na Yonas akanywa. Akampa na biskuti iliyochovywa. Mchana akampa wali. Kijiji kizima kilifanya hivyo kwa ndege wao, na hakuna aliyeona kosa, kwani mgeni anayependwa hupewa nini kama si chai tamu? Yonas alinenepa, akawa mzito, manyoya yakapoteza wekundu yakawa ya rangi ya kutu. Asubuhi moja walimkuta amelala chini ya kitundu, miguu juu. Dorsina alimpasua kwa kisu cha jikoni kama anavyopasua kuku, ajue. Ini lilikuwa limevimba, njano, laini kama mafuta yaliyoganda. Kooni kulikuwa na utando mweupe, na harufu chachu kama tui lililolala.

Stefi alimzika kwenye kopo la biskuti. Mwaka uliofuata naye akafa, kwa maradhi yake mwenyewe.

Siku za matanga Dorsina hakuwa na la kufanya ila kukaa mlango wa nyuma, akitazama mtofaa uliokuwa umechanua. Kasuku wa msituni walikuja kwa makundi. Aliona wanavyoingiza vichwa katikati ya yale maua ya rangi ya waridi na kutoka na nyuso za njano za chavua. Chini yao, juu ya mikeka, Ita, dada yake Stefi, alikuwa ameanika mpunga. Kuku walishuka. Shomoro walishuka. Kasuku, hata mmoja, hakuutazama ule mpunga. Baadaye mtu wa kuchanja kuku alipopita kijijini, Dorsina alimuuliza, naye akamwambia, "Mama, siku ukimpata ndege wa aina hiyo, mfungue mdomo utazame ulimi. Ncha yake ina nywele kama brashi. Huo si ulimi wa kutafuna punje. Ni ulimi wa kulamba maua."

Tangu siku hiyo Dorsina aliacha kutia sukari kwenye chai yake mwenyewe. Na kinda Pala alipoletwa, alimlea kwa papai lililoiva, boga lililochemshwa na kupondwa na maji, pera, ndizi kidogo, na kila siku mbili karara la mnazi lililopasuka, maua yakiwa bado mabichi. Uji wa matunda aliubadilisha mara tatu kwa siku, maana kwa joto la kule chakula hicho huchacha upesi. Kibakuli alikiosha kwa maji ya moto. Wanawake walimcheka.

"Usi, huyo ndege au mtoto wa mchungaji?"

"Mtoto wa mchungaji anakula hata kucha zake," Dorsina alijibu. "Pita zako."

Pala alikuwa na miaka minne, anang'aa kama kitambaa cha sikukuu, siku kijiji cha Waisapu kilipokuja Hatulawa kuupasha moto undugu wao.

Hatulawa na Waisapu ni pela, yaani ndugu wa kiapo. Zamani, enzi za mababu wa mababu, Waisapu waliwaokoa Hatulawa na njaa, wakala kiapo pamoja. Tangu hapo mtu wa huku na mtu wa kule hawaoani, hawagombani, na mmoja akiomba kitu, mwenzake hasemi hapana. Na kilichotolewa hakirudi. Waisapu ni Waislamu, Hatulawa ni Wakristo, na hilo halikubadili kitu: mbao za kanisa zilibebwa na Waisapu, na mawe ya msikiti yalibebwa na Hatulawa.

Wageni waligawanywa kila nyumba. Dorsina alipata mzee mmoja, Bapa Sahabudin Wailissa, mjane kama yeye, mnene, mwenye kofia nyeupe na kicheko cha kuamsha majirani. Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza, alasiri, Dorsina alimwandalia chai kama inavyotakiwa: sukari nyingi, maziwa ya kopo mengi, biskuti kwenye sahani. Akaenda kutoa ndizi kwenye mafuta. Aliporudi, Pala alikuwa ameketi juu ya goti la mzee, anakunywa kwenye kisosi.

Sahani ya ndizi ilitua mezani kwa kishindo.

"Bapa, huyo hanywi chai."

"Hanywi? Mtazame anavyokunywa, pela! Ananishinda mimi!"

"Inamuua."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Chai ingekuwa inaua, pela, mimi ningezikwa nikiwa na miaka kumi."

Dorsina alifungua mdomo. Ita, aliyekuwa ameleta viti, akamkanyaga mguu. Pela hagombezwi. Mbele ya watu, hata sauti haipandishwi. Dorsina akameza maneno yake, akamchukua Pala taratibu, akaingia ndani. Watu wakasikia kuni zikipasuliwa nyuma ya nyumba kwa muda mrefu sana, kuni zaidi ya zilizohitajika.

Siku ya pili alimfungia Pala chumbani. Ndege akapiga kelele, mzee akahurumia, akamfungulia mwenyewe, akampa wali wa manjano mkononi. Siku ya tatu, kijiji kizima kimeketi pande mbili za jamvi refu la chakula barabarani, Bapa Sahabudin alisimama kushukuru. Alishukuru samaki, akashukuru uji wa sago, akamshukuru mwenyeji wake aliyempasulia kuni usiku na mchana kana kwamba anajenga meli. Watu wakacheka. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa:

"Nyumbani kwangu pamekuwa kimya. Pela, naomba yule ndege."

Hapakuwa na mtu aliyetafuna. Ita aliinamisha uso. Dorsina alitamani kusema, "Omba nyumba, omba boti, omba meno yangu." Lakini miguu yake ilishainuka, maana ndivyo alivyolelewa. Akaleta kitundu. Akakiweka mikononi mwa mzee. Kijiji kikapiga makofi, na makofi yale yalimchoma kuliko kitu chochote.

Kabla gari la Waisapu halijaondoka alimpa mzee karatasi. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: PAPAI. BOGA LA KUCHEMSHA. PERA. MAUA YA MNAZI. BADILISHA MARA TATU. CHAI HAPANA. MAZIWA HAPANA. WALI HAPANA. CHUMVI HAPANA. Akamsomea yote. Bapa Sahabudin aliitikia kwa kichwa kila neno, akitabasamu, kama mtu anayesikiliza mtoto akikariri sala.

"Usijali, pela. Nitamtunza kama mfalme."

"Asitunzwe kama mfalme," Dorsina alisema. "Atunzwe kama ndege."

Wiki tatu baadaye muuza samaki aliyetoka upande ule alileta habari akicheka. Kasuku wa Hatulawa amekuwa maarufu Waisapu! Kila apitaye humsalimia, anakunywa chai na wazee baada ya sala ya alasiri, amenenepa, na siku hizi hapigi kelele hata kidogo.

"Hapigi kelele?" Dorsina aliuliza.

"Kimya kabisa. Amepata adabu."

Dorsina akatupa samaki kwenye beseni. Kesho yake alfajiri alipanda gari la Waisapu, karara la mnazi mapajani, mapapai mawili kwenye kikapu, akagombana na dereva, na mashimo, na mto uliojaa.

Halija, binti wa yule mzee, ndiye aliyemkaribisha. Pala alikuwa barazani, amejivimbisha manyoya mchana wa jua kali, macho yamefumba nusu. Dorsina hakusalimia kwanza. Alimshika, akaufungua mdomo kwa kidole. Pembeni mwa ulimi palikuwa peupe. Akanusa. Harufu ileile ya tui lililolala.

Na juu ya meza, chini ya kopo la tumbaku la Bapa Sahabudin, ilikuwepo ile karatasi yake. Imefungiwa karafuu.

Mtu mwingine angelia. Dorsina aliona giza la hasira, akalingoja lipite. Kumwomba ndege arudi hakuweza. Kilichotoka kwa pela hakirudi; anayekidai huleta aibu kwa kijiji chake, na wazee husema huleta upele kwa wajukuu. Bapa Sahabudin alitoka ndani, mikono imefunguka.

"Pela! Umekuja! Karibu, karibu! Halija, chai!"

"Bapa," Dorsina alisema, "leo nimekuja kuomba."

Uso wa mzee uling'aa. Pela akija kuomba ni heshima. "Omba! Nyumba yako hii."

"Naomba sukari."

"Sukari tu? Halija, mpe pela kilo moja."

"Yote."

"Yote?"

"Yote iliyomo ndani ya nyumba. Na maziwa ya kopo. Na biskuti."

Mzee alimtazama. Kisha akaangua kicheko, maana alidhani ni utani wa pela, na utani wa pela una haki yake. Halija alileta sukari kwenye mfuko, makopo sita ya maziwa, biskuti pakiti mbili. Dorsina alivipanga vyote kikapuni, na mapapai akayatoa akayaacha mezani. Akalifungua karara mbele ya Pala. Ndege alikaa muda mrefu bila kusogea. Halafu akanyoosha shingo, polepole, akalamba maua mawili, akaacha.

"Ameshasahau," Dorsina alisema, na hakumtazama mzee aliposema hivyo. Alimwonyesha Halija jinsi ya kuponda boga, jinsi ya kufuta mdomo wa ndege kwa pamba na maji moto yenye chumvi kidogo, asimeze. Akaondoka.

Siku ya nne alirudi. Sukari mpya ilikuwa imenunuliwa.

"Bapa, nimekuja kuomba."

"Tena?"

"Tena."

Akaibeba. Wiki iliyofuata akarudi mara mbili. Sasa majirani wa Waisapu walikuwa wakilisubiri gari. "Pela wako amefika, Bapa! Ficha mzinga!" "Mwanamke huyu ana nyuki tumboni!" Watoto wakaimba nyuma yake. Dukani, muuza duka alimuuliza mzee kama ni kweli anaoga kwa sukari. Naye Dorsina hakula sukari ile. Aliigawa kwa mama wenye watoto wa shule kule Hatulawa, kwa uso uleule wa kukunja, mpaka wakaogopa kuipokea.

Mara ya tano Bapa Sahabudin hakuinuka kitini. Mbele yake palikuwa na kikombe, chai ina mvuke, kopo la maziwa wazi. Pala alikuwa begani mwake.

"Naomba—"

"Najua unachoomba!" mzee alifoka. Kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha. "Unanifedhehesha! Kijiji kizima kinanicheka! Ulinipa ndege kwa mkono, moyo ukabaki naye! Basi mdai! Sema, 'Nirudishie ndege wangu,' wote wasikie!"

"Sisemi."

"Sema!"

"Sisemi, kwa sababu mimi najua kiapo!" Sauti ya Dorsina ilipanda, pela au si pela, na nje ya ua watu wakanyamaza. "Ulichoomba nilikupa! Na mimi ninachoomba utanipa, hata nije kila siku mpaka gari livunjike! Wewe ulipewa ndege mzima. Unamrudisha kwa Mungu vipande vipande, kijiko kwa kijiko!"

"Anapenda! Anakuja mwenyewe kwenye kisosi!"

"Na mtoto akipenda kisu?"

"Mke wangu alikuwa anakaa hapo." Mzee alionyesha kiti kitupu. "Miaka thelathini na nane, alasiri, chai. Nikinywa peke yangu haipiti kooni. Huyu anakunywa nami. Unataka nini? Nikae hapa kama jiwe?"

Hapo mwingine angelainika. Dorsina hakulainika. Alivuta kile kiti kitupu, akakikalia bila kukaribishwa, akamwambia habari za Yonas. Hakuzipamba. Alisema habari za Stefi na kisosi, za manyoya ya rangi ya kutu, za ini la njano lililobonyea kwa kidole, za kopo la biskuti. "Mume wangu naye alisema hivyo hivyo. 'Anapenda, Dorsi, anapenda.' Alimpenda mpaka akamzika. Bapa, usiniamini mimi. Mfungue mdomo. Nusa mwenyewe."

Mzee alimkodolea macho. Halafu, kwa ukali, kama mtu anayetaka kumthibitishia mwenzake uongo wake, alimshusha Pala begani, akamfungua mdomo kwa vidole vinene, akainamisha pua.

Akainua uso taratibu. Alilichukua kopo la maziwa, akalisukuma mezani mpaka likagonga mkono wa Dorsina. Kisha mfuko wa sukari. Kisha, baada ya kusita, kikombe chenyewe.

"Kikombe chako kinywe," Dorsina alisema.

"Mbele yake? Atataka."

"Basi chai yako iwe kavu. Akionja ataikataa mwenyewe."

Halija alileta chai isiyo na kitu. Mzee alikunywa funda moja, uso ukajikunja kama mtu aliyelamba betri. Pala akashuka mkononi mwake, akatumbukiza ulimi, akatikisa kichwa kwa nguvu, matone yakaruka kwenye kofia nyeupe. Nje ya ua mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka.

"Cheka!" Bapa Sahabudin alifoka kuelekea uani. "Njoo uinywe wewe!"

Dorsina hakucheka. Aliponda papai kwenye kibakuli safi, akakiweka mahali pa kisosi.

Alirudi tena msimu wa karafuu, mikeka yote ya Waisapu imejaa. Kabla hajashuka garini alisikia kelele, kali, za kukera, za kufanya mbwa watoroke. Dereva alilalamika. Dorsina alifunga macho kidogo, kisha akashuka haraka asionekane.

Pala alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye karara bichi, uso wa njano kwa chavua. Dorsina alimfungua mdomo, akanusa, akamwachia. Akakagua kibakuli kwa ukucha, akitafuta uchafu. Akatazama papai.

"Hili limeiva mno," alisema.

"Liliiva leo asubuhi!" mzee alisema. "Halija, shahidi! Nimekonda mimi, nimechoka kupanda minazi ya watu, na bado unanikosoa?" Kweli alikuwa amekonda. Akakohoa, akanyoosha kofia, akaketi wima. "Pela. Leo ni zamu yangu kuomba."

Dorsina alimtazama kwa shaka. "Omba."

"Naomba sukari. Kijiko kimoja. Kwenye chai yangu."

Halija alijificha nyuma ya mlango. Dorsina alisimama, taya zimekaza, mkono kiunoni, akitafuta njia ya kukataa, na njia haikuwepo. Aliingia jikoni, akaliteremsha kopo la sukari kutoka rafu ya juu, akachota kijiko kimoja, na kwa kidole akasawazisha kilichozidi kikarudi kopeni. Akamtilia mzee kwenye kikombe. Kisha akakigeuza kiti chake, akaketi katikati, kati ya kikombe na ndege, mgongo kwa ndege na uso kwa mzee.

"Kunywa upesi," alisema.